Tangi la kwanza la maji chumvi: andika majina ya samaki kabla ya kununua kioo

Karibu kila anayenijia akitaka kuanza tangi la maji chumvi huniuliza anunue la ukubwa gani. Nami humuuliza: unataka kufuga nini? Chukua karatasi, andika kila kiumbe unachokitamani, kisha tafuta kila kimoja kikikomaa kinafika urefu gani, kinakula nini na kinagombana na nani. Orodha hiyo ndiyo itakayokuchagulia tangi, taa na pampu. Anayeanza na vifaa mara nyingi hununua mara mbili.

Mtazame kangaja wa bluu mwenye mkia wa manjano, Paracanthurus hepatus. Kila mtu anampenda. Huuzwa akiwa mdogo, anaenea kiganjani, lakini akikomaa anakaribia sentimita 30, tena ni samaki wa kuogelea kutwa nzima. Tangi la lita 200 kwake ni kifungo. Mfute kwenye orodha. Kwa anayeanza napendekeza jozi ya samaki wa anemoni, wale wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, Amphiprion ocellaris. Hawazidi sana sentimita 10, si wachaguzi wa chakula, na wengi wanaouzwa wamezaliwa kwenye matangi, kwa hiyo hakuna mwamba wa bahari uliosumbuliwa kwa ajili yao. Hawahitaji anemoni, yule mnyama laini wa baharini mwenye mikono inayochoma, ili waishi vizuri, na anemoni yenyewe ingoje mpaka tangi likomae, maana huhamahama na kuchoma matumbawe njiani. Ukimtaka Pterapogon kauderni, samaki mdogo wa visiwa vya Banggai kule Indonesia, hakikisha ni wa kuzalishwa. Porini amepungua sana kwa sababu ya biashara hii yetu ya kufuga.

Kwa orodha ya kiasi kama hiyo, lita 200 hivi zinatosha kuanzia. Usidanganywe kwamba tangi dogo ni jepesi kulitunza. Kwenye maji machache, samaki mmoja akifa bila wewe kumwona, au ukizidisha chakula siku moja, sumu hupanda haraka. Maji mengi hukupa nafasi ya kugundua na kurekebisha.

Sasa fikiria uzito. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito unaozidi kilo moja kidogo. Jumlisha miamba, mchanga, kioo na meza, unakaribia kilo 300 mahali pamoja. Weka karibu na ukuta imara, mbali na dirisha linalopitisha jua, na uipime meza kwa pimamaji pande zote kabla ya kutia hata tone. Nyaya zote zishuke chini ya soketi kisha zipande, ili maji yanayofuata waya yadondoke sakafuni yasiingie kwenye umeme.

Baada ya hapo, fedha yako iende kwenye maji kabla ya taa. Maji ya bomba yanaweza kuwa na klorini, fosfeti na hata shaba. Fosfeti hulisha mwani, na shaba huua kamba, konokono na matumbawe kwa viwango vidogo mno. Tafuta mtambo wa kuchuja kwa osmosisi, yaani unaosukuma maji kupitia utando mwembamba, wenye hatua ya mwisho ya resini, chembe zinazonasa madini yaliyosalia, uwe na kipimo cha kukuonyesha kwamba vitu vilivyoyeyuka kwenye maji yanayotoka vinasoma 0.

Chumvi iwe ile iliyotengenezwa kwa matangi ya baharini. Ya jikoni haina kalisi, magnesi na vingine vinavyohitajika. Changanya kwenye ndoo safi yenye pampu ndogo na hita, kamwe usiimwage ndani ya tangi lenye viumbe. Weka maji kwanza, kisha mimina chumvi polepole, gramu 35 hadi 38 kwa lita. Mwanzoni yatakuwa meupe kama maziwa. Acha pampu izunguke hadi kesho yake, yawe angavu kabisa, ndipo upime.

Kifaa cha kupimia chumvi ninachokiamini ni refraktomita, kinachosoma jinsi maji yanavyopinda mwanga. Unadondosha matone mawili juu ya kioo chake, unafunika kwa kifuniko kusiwe na mapovu, unasubiri kidogo, halafu unaelekeza kwenye mwanga na kuchungulia. Juu utaona bluu, chini nyeupe, na mpaka kati yake ndio usomaji wako. Unatafuta gramu 35 za chumvi kwa kila gramu 1,000 za maji, sawa na uzito linganifu (uzito wa maji hayo ukilinganishwa na maji matupu) wa takriban 1.026. Kirekebishe kwa myeyuko maalumu wa 35, kwa sababu kinachosoma sawasawa kwenye maji matupu kinaweza kukosea huku juu unakokihitaji.

Maji yakivukizwa, chumvi hubaki. Chukua tangi la lita 200 linalopoteza lita 4 kwa siku: lisipojazwa kwa wiki nzima, 35 inakuwa karibu 41, na viumbe wengi hawaistahimili. Kwa hiyo kila siku unajazia maji safi yasiyo na chumvi. Ukijazia ya chumvi unaongeza tatizo. Kuna kifaa cha kujaza chenyewe, chenye kihisi na pampu ndogo. Ningekinunua kabla ya taa ya kifahari, na ningelipa ziada kiwe na kihisi cha pili cha kuizima pampu iwapo kihisi cha kwanza kitakwama.

Hita nunua mbili za wati 100, usichukue moja ya wati 200. Moja ikikwama ikiwa inawaka, haina nguvu ya kupika tangi zima. Ikifa, ya pili inashikilia joto kwa muda. Lenga nyuzi 25 hivi za Selsiasi. Penye joto kali feni ya kupuliza juu ya maji hupunguza nyuzi kadhaa, ila uvukizaji nao huongezeka. Pampu za mkondo ziwe mbili, zikielekezana kwa pembe, na kwa pamoja zizungushe maji ya tangi mara 10 hadi 20 kwa saa kama unafuga matumbawe laini. Chombo cha povu, kinachotoa uchafu kwa mapovu madogo kabla haujaoza, kinasaidia sana. Taa ichague kwa matumbawe uliyoyaandika; kwa samaki tupu, ya kawaida yatosha. Umeme ukikatika, kinachoisha kwanza ni oksijeni, basi uwe na pampu ya hewa ya betri iliyochajiwa.

Miamba ndiyo chujio lako halisi. Ndani ya matundu yake hukaa bakteria wanaogeuza amonia, sumu itokayo kwenye uchafu wa samaki na chakula kinachooza, kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha nitrati isiyo kali hivyo. Ukipewa miamba yenye vitu hai, vaa glavu na kinga ya macho, na usiichemshe kamwe: matumbawe ya jenasi Palythoa yanaweza kuwa na sumu kali inayopanda na mvuke. Kabla ya kuweka samaki, tia chanzo cha amonia ili bakteria hao wapate chakula, kisha pima mara kwa mara. Mara nyingi huchukua wiki 4 hadi 6 mpaka amonia na nitriti zisome sifuri. Vumbi la kahawia litafunika mchanga. Usiogope, huja na kuondoka, na konokono watakusaidia.

Wakati huo andaa tangi dogo la karantini, la kuwatenga wageni kwanza, lisilo na mchanga wala miamba, lenye hita, chujio la sponji na vipande vya bomba vya kujifichia. Ugonjwa wa madoa meupe, unaoletwa na Cryptocaryon irritans, huingia na samaki anayeonekana mzima. Kila mgeni akae humo wiki 4 hadi 6. Dawa ya shaba, ikihitajika, ibaki humo humo, na ndoo na neti zake zisiguse tangi kubwa. Akitoka salama, mwongeze peke yake, kisha pima amonia kwa siku kadhaa kabla ya kumfikiria anayefuata kwenye orodha.