Madaftari ya Babu Yako

Mikindani

Marahaba, mwanangu.

Hatujambo, na babu yako hajambo ila miguu. Unasema mchapishaji wa huko Dar es Salaam anayataka madaftari yote saba ya tenzi za babu, na kwamba ulipompigia simu mwenyewe alijibu "sawa". Unaniuliza kama sawa hiyo inatosha.

Haitoshi. Siku hizi babu yako humwambia sawa kila mtu. Msimu wa korosho uliopita alikuja mtu na karatasi, eti za kupimia shamba. Babu akasaini kwa mwandiko wake ule mzuri, na tulihangaika miezi mitano kuirudisha mikorosho yetu. Nilipomuuliza amesaini nini, akasema barua ya posa yangu. Mie huyu mwenye wajukuu! Nilicheka, kisha nikaingia jikoni nikalia.

Huyo Harper Lee uliyenitajia, mwandishi wa Marekani, nimesoma habari zake. Riwaya yake ya kwanza ilitoka 1960, ya pili Julai 2015, akiwa na miaka 89 na kiharusi kimeshampiga. Dada yake Alice, mwanasheria aliyekuwa ngao yake, alifariki Novemba 2014. Februari iliyofuata kitabu hicho cha pili kikatangazwa. Watu wakalalamika kwamba bibi wa watu ameburuzwa, maofisa wa jimbo la Alabama wakaenda kumwona, hawakukuta dhuluma. Haya, tuseme aliridhia. Ila ule mswada ulikuwa rasimu ya mwanzo ya kitabu kilekile cha 1960, na alipokuwa na nguvu zake aliuacha kando zaidi ya miaka hamsini. Mie naona alikuwa ameshajibu.

Basi nikafungua sanduku la bati. Madaftari matatu babu ameyanakili upya kwa wino wa bluu, beti zina namba, na mwisho ameandika jina lake na tarehe. Manne ni ya penseli, yamefutwafutwa, pembeni vijistari alivyohesabia mizani. Katika moja, kurasa za utenzi wa marehemu bibi yako amezikunja na kuzishona kwa uzi mweusi. Sikuufumua.

Yale matatu nimemuuliza asubuhi tatu, baada ya uji, wakati akili yake imetulia. Ya kwanza: sawa. Ya pili akauliza kama ubeti wa arobaini nimeurekebisha. Ya tatu akausoma kwa moyo, akasimama kwenye neno moja, akanituma kalamu. Hiyo ndiyo ruhusa, mwanangu. Lile lililoshonwa nilimwekea mapajani. Hakusema kitu, akalisukumia chini ya mto.

Kwa hiyo matatu yatoke, manne yabaki. Mchapishaji akisema yote saba au basi, mwambie basi. Mkataba uwe kwa jina la babu, asomewe kwa sauti mbele yetu sote, na fedha iingie kwenye simu yake, si yako wala yangu. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inampa mtunzi haki ya kuruhusu kazi yake ichapishwe, na mtunzi yu hai, anakunywa uji hapa barazani. Usiniambie tena habari za "kabla hajaondoka".

Njoo mwenyewe uyachukue, nimeyafunga kwenye kanga. Siyatumi kwa basi. Na uje na kalamu za wino wa bluu, zake zimekauka.

Mama yako