Maswali yenu: jiji na moshi wa majengo

Wiki hii wengi mmeuliza kuhusu New York, jiji lililowawekea wenye majengo makubwa kikomo cha hewa ukaa.

Kwa nini jiji lihangaike na nyumba badala ya magari?

Kwa sababu New York takriban theluthi mbili ya gesi zinazopasha dunia joto hutokana na majengo: gesi na mafuta yanayochomwa kwenye boila, yaani mtambo unaochemsha maji ili kupasha jengo joto, pamoja na umeme. Ukiyaacha majengo, umeacha sehemu kubwa ya kazi.

Sheria yenyewe inasemaje?

Madiwani waliipitisha mwaka 2019. Inajulikana kama Local Law 97. Inayagusa hasa majengo yanayozidi futi za mraba 25,000. Kila jengo lina kikomo chake kwa mwaka, kulingana na ukubwa na matumizi. Vikomo vilianza 2024 na vitakazwa 2030. Anayevuka hulipa dola 268 kwa kila tani ya ziada. Namba hiyo ndiyo ninayoithamini kuliko yote, kwani mwenye jengo anaweza kupiga hesabu: nilipe faini kila mwaka, au nibadili boila? Miito ya kutunza mazingira haimpi mtu hesabu ya kupiga.

Naishi Bronx, humo humo New York. Redieta, kile chuma cha kupashia chumba joto, inachemka hadi tunafungua madirisha theluji ikianguka. Gharama za matengenezo si zitatuangukia sisi wapangaji?

Dada yangu, dirisha lako hilo ndilo tatizo lenyewe. Boila inasukuma mvuke jengo zima. Huku watu wanatoka jasho, kule wanatetemeka, na mafuta yanaungua bure. Fundi mzuri anaweza kufunga vali ya kupunguza joto kwenye kila redieta, kufunika mabomba na kuziba nyufa za madirisha. Hayo yote hufanyika kabla hata boila haijang'olewa na kuwekwa pampu za joto, mashine za umeme zinazovuta joto la nje na kuliingiza ndani.

Hofu yako ya kodi ya nyumba kupanda ni ya haki. Majengo mengi ya kodi nafuu yaliruhusiwa kutekeleza orodha ya marekebisho ya aina hiyo badala ya kubanwa na kikomo. Muulize mwenye nyumba jengo lenu linafuata njia ipi. Tena angalia mlangoni: majengo makubwa hutakiwa kubandika herufi inayoonyesha yanavyotumia nishati, A ikiwa ndiyo bora.

Na majengo mapya?

Sheria ya 2021 inazuia mengi yasichome gesi wala mafuta: yasiyofika ghorofa 7 tangu 2024, marefu zaidi kuanzia 2027.

Dar es Salaam tuige?

Tusiige boila tusizokuwa nazo. Mzigo wetu ni viyoyozi, na nguvu ya halmashauri iko kwenye kibali cha ujenzi. Inaniuma kuona ghorofa la vioo vitupu likitazama magharibi, jua la alasiri likiingia lote, ilhali upepo wa bahari umefungiwa nje. Kibali kingedai kivuli juu ya madirisha, na madirisha yanayofunguka. Ila ningeanza na ofisi za halmashauri yenyewe: mita isomwe kila mwezi, na matumizi yabandikwe mlangoni wananchi wayaone.