Uingereza ilitokaje Ulaya bila kitabu cha katiba?

SWALI: Mhariri salaam, hapa kijiweni tunabishana kila siku, eti Uingereza haina katiba, sasa walipojitoa Umoja wa Ulaya nani alikuwa na mamlaka, waziri mkuu, bunge au wananchi waliopiga kura? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Ndugu yangu, katiba wanayo ila haiko kwenye kitabu kimoja kama yetu, ipo vipande vipande, sheria za bunge, hukumu za korti na mazoea tu, na hapo ndo utata ulipoanzia. Kura ya Juni 2016 asilimia 52 walisema tutoke, lakini kisheria ilikuwa ya ushauri. Serikali ya waziri mkuu wa wakati huo, Theresa May, ikataka kupeleka barua ya kujitoa bila kuuliza bunge, mfanyabiashara Gina Miller akaenda kortini, na Januari 2017 Mahakama ya Juu, majaji 8 kwa 3, ikagoma, bunge lipitishe sheria kwanza. Halafu 2019 Boris Johnson, waziri mkuu aliyemfuata May, akalisimamisha bunge wiki tano, majaji wote 11 wakasema batili, yaani ihesabiwe halikufungwa kabisa!

Uskoti je, ambayo ni sehemu ya Uingereza ila ina bunge lake? Asilimia 62 walitaka kubaki, wakadai bunge lao nalo liulizwe, korti ikasema hilo ni zoea la kisiasa, majaji hawalisimamii. Mi naona hao ndo walionewa hasa. Uingereza ikatoka 31 Januari 2020, na 2022 Uskoti wakaambiwa hata kura yao ya kujitenga hawawezi kuiitisha bila ruhusa ya London.