Nusu pointi, 1984
Ubingwa wa madereva wa langalanga (Formula One) uliobanana kuliko wote ni wa 1984, si 1976 kama wengine wanavyosema. Ile 1976 James Hunt alimpita Niki Lauda kwa pointi moja kamili, 69 kwa 68. Mwaka 1984 ilikuwa nusu: Lauda 72, Alain Prost 71.5, na wote wawili walikuwa timu moja, McLaren.

Hiyo nusu ilitoka Monaco. Mvua ilimwagika, bendera nyekundu ya kusimamisha mbio ikatoka baada ya mizunguko 31 tu, hata nusu ya mbio haijafika. Prost alikuwa mbele, Ayrton Senna, kijana mgeni ndani ya gari la timu ya Toleman, anamla sekunde kila mzunguko. Kwa kuwa mbio zilikatishwa mapema, pointi zikagawanywa nusu, Prost akaondoka na 4.5 badala ya 9.

Piga hesabu sasa: zingefika mwisho, hata angepitwa na Senna akawa wa pili, angechukua 6, na 6 zilimtosha kuwa bingwa. Na mwaka ule Prost alishinda mbio 7, Lauda 5! Mimi hadi leo inaniuma.