Mnaoanza kusoma upangaji wa uchumi kwa kompyuta, anzieni ghalani

Ndugu zangu, wengi wenu mnakuja na swali moja: kompyuta yenye nguvu kiasi gani inatosha kupanga uchumi wa kijamaa? Nami nilianzia hapo. Leo ningewaomba muanze na mtu anayejaza daftari la ghala.

Niliwahi kuingiza kwenye Excel rekodi za mahindi za chama kimoja cha ushirika. Safu iliandikwa "magunia", nami nikakokotoa unga, dizeli na usafiri wa msimu mzima. Majibu yalitoka safi kabisa. Nilipofika ghalani nikakuta karibu nusu ya magunia ni lumbesa, yamejazwa hadi midomo imefungwa kwa kamba. Mengine yalikuwa kilo 100, mengine yamepita 120. Karani alilijua hilo siku zote. Daftari halikuwa na mahali pa kuliandika. Nilifuta kazi ya wiki mbili, nikaanza upya na mizani.

Ndiyo maana nawasihi mwisome mapema Chile ya Salvador Allende, rais mjamaa. Mwaka 1971 Fernando Flores, aliyekuwa CORFO, shirika lililosimamia viwanda vilivyotaifishwa, alimwita Mwingereza Stafford Beer, mtaalamu wa usimamizi wa mashirika, na ukazaliwa mradi wa Cybersyn wa kusimamia viwanda hivyo kwa kompyuta. Kompyuta walizokuwa nazo hazikufika hata idadi ya vidole vya mkono mmoja. Waliegemea teleksi, mashine za kutumiana maandishi kwa waya, zilizopeleka takwimu za viwanda mji mkuu Santiago kila siku. Watu hupenda picha za chumba cha uongozi cha mradi, chenye viti saba. Mimi hunivuta kazi iliyotangulia: wahandisi walikwenda viwandani, wakachora mtiririko wa uzalishaji, wakachagua vipimo vichache tu, kama malighafi, nishati na watu wasiofika kazini. Namba ikitoka nje ya kawaida, kiwanda chenyewe kilipewa muda wa kujirekebisha kabla taarifa haijapanda ngazi za juu. Someni hapo mara mbili, maana wengi hudhani mpango wa kompyuta lazima uamuliwe makao makuu.

Oktoba 1972 wenye malori walipogoma, teleksi hizohizo ziliieleza serikali barabara ipi imefungwa na bidhaa gani inapungua wapi, ikayaelekeza malori machache yaliyobaki. Mapinduzi ya kijeshi ya 11 Septemba 1973 yakaukatisha mradi. Ulikuwa na kasoro pia: mara nyingi wahandisi walizungumza na mameneja kuliko wafanyakazi wenyewe. Hilo linaniuma, kwa sababu karani wangu angekuwa miongoni mwa wasioulizwa.

Hesabu zenyewe zisiwatishe. Leonid Kantorovich, mwanahisabati wa Urusi ya Kisovieti aliyebuni hesabu za kugawa rasilimali, alianza mwaka 1938 na tatizo la plaiwudi Leningrad, mashine 8 na aina 5 za magogo, bila kompyuta.

Zoezi la kwanza: tafuteni bekari au mashine ya kusaga iliyo jirani, mkae siku tatu. Andikeni kila kinachoingia na kutoka, kipimo chake, na nani amepima. Kisha mwulizeni mwenye daftari ni jambo gani analijua ambalo humo halina safu. Iongezeni hiyo safu, ndipo mfungue programu.