Kikokotoo cha 50% kirudi? Tuulize kwanza analipa nani

Mkuu umeuliza mbona wasirudishe tu kikokotoo cha zamani, ile kanuni ya kupigia hesabu ya pensheni iliyompa mtumishi wa umma asilimia 50 kwa mkupuo, yaani hela ya mara moja akistaafu, wakati hela zipo kwenye mfuko. Nakujibu kama mwalimu mstaafu, nimeanza kazi Mpwapwa 1988, nikamalizia hapa Dodoma mjini, nikatoka 2021 kwa umri wa lazima miaka 60, kwahiyo nimelipwa kwa kanuni ya zamani. Mke wangu nesi kastaafu mwaka jana kwa kanuni ya sasa. Nyumba moja vikokotoo viwili.

Tuanze na namba maana watu wengi wanagombana bila namba. Chukua mtu mwenye mshahara wa kukokotolea milioni 1 kwa mwezi, katumikia miezi 360. Zamani ilikuwa 1/540, yaani mshahara wa mwaka unazidishwa miezi ya kazi unagawanywa kwa 540, hiyo ndiyo pensheni ya mwaka, nusu yake inazidishwa 15.5, anaondoka na milioni 62 mkononi na kila mwezi kama 333,000. Ikaja ya 2022, 1/580, na ni asilimia 33 tu ya pensheni ya mwaka inayozidishwa 12.5, huyohuyo anapata mkupuo milioni 30.7, mwezi kama 416,000. 2024 wakapandisha hadi 40% kwa sisi wa mifuko iliyokuwa inatoa mkupuo wa 50%, ikawa milioni 37.2 na mwezi 372,000. Ya mwezi imepanda kidogo, hilo wengi hawalisemi, lakini mtu anayetaka kumalizia nyumba yake kule Nala ataezeka vipi kwa laki tatu tatu? Hasira za watu nazielewa kabisa.

Sasa hela. Leo mtumishi anakatwa 5% na mwajiri anaweka 15%. Ila sisi wa kabla ya Julai 1999 serikalini tulikuwa hatuchangii, pensheni ilikuwa ahadi ya Hazina. PSPF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, ilivyoanzishwa ikatupokea na miaka yetu yote ya nyuma, wazee wakaanza kulipwa kwa michango ya vijana huku Hazina inadaiwa. Ni mchezo wa kupeana ambao wa kwanza kupokea hawajaweka kitu, wa mwisho lazima alie tu. 2018 PSPF na mifuko mingine ya pensheni, LAPF, PPF na GEPF, ikaunganishwa kuwa mfuko mmoja wa PSSSF na lile shimo likahamia huko. Desemba 2021 serikali ikatoa hati fungani maalum isiyo taslimu ya trilioni 2.17, yaani ahadi ya maandishi ya kulipa baadaye, sio hela mkononi, hatua nzuri naipongeza kwa dhati, ila deni lilikuwa kubwa kuliko hiyo. Halafu kuna UDOM yetu hapa, Chuo Kikuu cha Dodoma, imejengwa kwa hela za mifuko. Wanangu wamesoma pale sipingi, lakini chuo cha umma kilipwe na umma wote, sio na nesi wa Kondoa kwa kupunguziwa mkupuo.

Lakini na wewe mkuu ukisema serikali ijazie tu, Hazina ni kodi. Mama anayeuza karanga Kibaigwa analipa kodi kwenye sukari na kwenye vocha na uzeeni hana pensheni hata mia. Zanzibar angalau tangu 2016 kila mzee wa miaka 70 analipwa, walianza na 20,000 sa hivi 50,000. Bara bado. Siwezi kumwambia huyo mama achangie mkupuo wangu wakati yeye hana chochote.

Kwahiyo msimamo wangu, miaka ya kabla ya 1999 ilipwe na Hazina yote, iwe kwenye bajeti kila mwaka tuione, kwasababu aliyeahidi ndiye alipe. Miaka iliyochangiwa ilipwe na michango na faida yake, na tathmini ya mfuko itolewe kwa Kiswahili ili mtumishi ajue 40% imetoka wapi. Na mabadiliko yasimkute mtu kabakiza miaka miwili, kashapanga maisha, hiyo ni kumuonea.

La mwisho ni waajiri. Mdogo wangu alifundisha shule moja binafsi, kila mwezi anakatwa, kwenda mfukoni michango ya zaidi ya mwaka mzima haipo, kahangaika mpaka kakonda na wamelipa nusu tu. Huyo hata ungempa kikokotoo cha 100% angepata nini? Wewe bado uko kazini, app ya PSSSF Kiganjani ipo kwenye simu, ingia leo uangalie mwezi kwa mwezi na salari slipu zako pembeni, ukikuta pengo peleka barua kwa afisa utumishi na nakala mfuko, ubaki na yako yenye muhuri.