Mshipi wa kwanza wa kuvulia kwa nzi: soma boksi kabla ya kununua

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili kwa sababu nami niliwahi kukwama hapohapo. Umesema fimbo unayo, ya futi 9, namba 5, na rili umepewa. Sasa unaangalia maboksi ya mishipi yenye maandishi ya WF5F, DT5F, WF6S na hujui ushike lipi. Ukauliza pia kama ile nailoni nyembamba ya uvuvi wa kawaida haiwezi kukufaa kwa kuanzia. Nianze na hilo la nailoni, maana ukilielewa mengine yatakuja yenyewe.

Haitakufaa. Kwenye uvuvi wa kawaida unarusha chubwi au chambo kizito, na mshipi unafuata nyuma. Kwenye uvuvi wa nzi ni kinyume chake. Nzi wako si mdudu wa kweli, ni manyoya na uzi uliofungwa kwenye ndoana ndogo, hana uzito wa kutajika. Ukijaribu kumrusha kwa nailoni tupu anakuangukia miguuni. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe. Ndiyo maana ni mnene kiasi kile, nailoni iliyosukwa ndani na koti la plastiki juu yake. Uzito wa mshipi ulioko hewani ndio unaopinda fimbo, fimbo ikinyooka inausukuma mbele, na nzi anaburutwa mwishoni kama mkia. Kwa hiyo kama fedha ni ya kugawanya, mimi nasema iende kwenye mshipi kwanza. Rili, kwa samaki wadogo na wa wastani, kazi yake kubwa ni kutunza mshipi usitapakae.

Hiyo namba 5 ni ya uzito. Chukua futi 30 za mwanzo za mshipi, kama mita 9 hivi, ziweke kwenye mizani: namba 5 inatakiwa iwe greni 140, yaani gramu 9 na kidogo. Namba 4 ni greni 120, namba 6 ni 160. Chama cha watengenezaji wa vifaa vya uvuvi cha Marekani kilikubaliana juu ya kipimo hiki mwanzoni mwa miaka ya 1960, na sababu yake ni ya msingi kabisa. Zamani mishipi ilikuwa ya hariri na ilitambuliwa kwa unene, kwa herufi kama HDH. Nailoni na plastiki zilipoingia, mishipi miwili yenye unene uleule ikawa na uzito tofauti, na zile herufi hazikuweza tena kumwambia mtu ni mshipi upi unaoifaa fimbo yake.

Basi fimbo 5, mshipi 5. Utakutana na watu watakaokushauri uongeze namba moja, ununue mshipi 6, ili fimbo ipinde vizuri. Ushauri huo una mantiki, kwa kuwa fimbo nyingi za siku hizi ni ngumu na anayeanza anarusha karibu. Ila watengenezaji wengi wamekwisha kukupandisha kimyakimya. Geuza boksi, tafuta jedwali dogo lenye greni au gramu. Ukikuta mshipi ulioandikwa 5 una greni 150 kwenye futi 30 za mwanzo, hapo tayari ni namba 5 na nusu, na kwa anayeanza na fimbo ngumu huo ni mzuri sana. Ukinunua 6 ambayo nayo imeongezwa nusu, umeibebesha fimbo yako mzigo usio wake.

Sasa herufi, na hapa naomba unisikilize kwa makini kwa sababu ndipo nilipoumia. WF maana yake uzito umekusanywa mbele: kuna sehemu nene ambayo wavuvi huiita kichwa, kisha mshipi unakuwa mwembamba hadi mwisho. Mshipi wangu wa kwanza ulikuwa WF5F, herufi zote sahihi. Muuzaji alinihakikishia kwamba huo unarusha mbali kuliko yote, nami nikaamini kurusha mbali ndiko kuvua. Kichwa chake kilikuwa na urefu wa karibu mita 20, na ncha yake ilinenepa polepole mno. Kwa wiki nyingi nilisimama kwenye majani nikirusha kipande cha uzi mwekundu badala ya nzi, mshipi ukianguka rundo mita chache mbele yangu. Nikadhani mkono wangu haufai.

Siku moja mzee mmoja aliyezoea kuvua alinitazama kwa muda, akaniambia, "Mwanangu, fimbo yako haijabeba kitu." Akanipa ya kwake, namba 5 kama yangu, yenye mshipi wa kichwa cha mita 10. Akanitaka nirushe nyuma, nisubiri, halafu niende mbele. Niliporusha nyuma nikahisi kitu ambacho sikuwahi kukihisi: mshipi uliponyooka mgongoni mwangu ulivuta kiganja changu, mvuto mdogo lakini wazi, kama mtoto anayekuvuta kidole. Nikaenda mbele na ule uzi mwekundu ukatua umenyooka. Tatizo lilikuwa kwamba mimi niliweza kushikilia hewani mita 6 tu za mshipi, na kwa mshipi wangu mita 6 hizo zilikuwa karibu zote ni ncha nyembamba. Uzito ulikuwa bado umelala kwenye rili. Mshipi ule haukuwa mbovu, ulikuwa wa mtu mwingine.

Kwa hiyo angalia urefu wa kichwa. Mita 9 hadi 12 zinakutosha, na ncha ya mbele isiwe ndefu sana. Samaki wengi utakaowapata mwaka wa kwanza utawapata ndani ya mita 12.

DT ni mshipi uliochongoka ncha zote mbili na kunenepa katikati. Ni mzuri kwenye vijito, hasa pale miti inapokuzuia kurusha nyuma ukalazimika kuuviringisha mshipi juu ya maji. Tena ncha moja ikichakaa unaugeuza. Kwa umbali wa mita 9 hutaona tofauti kubwa kati yake na WF. Kama maji yako ni kijito tu, nunua DT bila wasiwasi. Kama utavua pia ziwani au mto mpana, WF.

F ya mwisho ni ya kuelea, S ni ya kuzama. Anza na wa kuelea, hapa sina mjadala. Unauona, unaunyanyua kwa urahisi, na mkondo ukianza kuukokota unaweza kuurudisha upande wa juu wa maji bila kumsumbua nzi. Mshipi wa kuzama unakulazimisha uuvute karibu wote kila unapotaka kurusha tena. Ukitaka kwenda chini kidogo, funga nzi mwenye shanga nzito na urefushe lida, yaani ile nailoni nyembamba inayounganisha mshipi na nzi.

Jambo ambalo wengi hawaulizi ni joto. Kwenye boksi utaona kama mshipi ni wa maji baridi au wa nchi za joto. Wa baridi ukiupeleka kwenye joto kali unalegea na kunata kwenye pete za fimbo. Wa joto ukiupeleka kwenye baridi unajikunja kama springi. Rangi chagua inayoonekana vizuri. Kati ya mshipi na nzi kutakuwa na lida ya karibu mita 2.7.

Wakati wa kuufunga, kwanza weka uzi wa akiba kwenye rili, yaani uzi mwembamba unaokaa chini ya mshipi, kisha upande mwembamba wa WF ndio uingie kwanza. Kwa kawaida kuna kikaratasi kinachoonyesha upande wa rili, usikitupe kabla ya kukisoma. Usirushe mshipi bila lida hata kwa mazoezi, ncha inapiga kama mjeledi na plastiki inapasuka. Mafuta ya kujikinga na jua na dawa ya mbu vinaharibu koti lake, osha mikono kabla ya kuushika. Baada ya safari kadhaa uloweke kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni laini kidogo, upitishe kwenye kitambaa cheupe, na utaona mstari mweusi wa uchafu uliokuwa unauzuia kuteleza na kuelea.

Ukipata boksi unaloliwazia, andika hapa urefu wa kichwa na greni za futi 30 za mwanzo, pamoja na maji unayokusudia kuvua. Nitakuambia kama unaifaa fimbo yako kabla hujatoa hela.